Pete Kwenye Kila Taa

Katika ua ule wa wapangaji, mshonaji wa sare za shule alisifika kwa pindo zisizofumuka, na kwa unyenyekevu ambao wakati mwingine ulimzidi. Jioni moja mwezi ulivaa pete kubwa. Watu wakatoka vyumbani, shingo juu. Yeye akabaki anashona vifungo.

"Njoo utazame, wifi," aliita dada wa mumewe, waliyekaa naye nyumba moja, na ambaye hakuwahi kumwachia nafasi ya kujivuna.

"Tazameni nyie. Mimi hizo naziona kila siku."

"Kila siku wapi?"

Mshonaji akasita. Miezi mitatu alikuwa ameificha siri hiyo, akiamini Mungu amemfungulia kidirisha, na neema haitangazwi. "Kwenye taa ya mlangoni. Kwenye pikipiki zikija. Zina rangi kabisa, nyekundu kwa nje."

"Na taa ya chooni?"

"Hiyo ndiyo imepambwa kuliko zote."

Ua mzima ukacheka. "Kumbe tumepanga na mtakatifu," wifi alisema, "na zamu ya kuosha choo anaikimbia." Kisha akaitazama taa ya mlangoni, akarudia kuitazama, kicheko kikamwishia. "Wifi, ya mwezi tunaiona sote. Hapa mimi naona balbu tupu."

Ndipo mshonaji akakiri kwamba kutunga uzi kwenye sindano kulimchukua nusu saa, na wiki iliyopita alishona mfuko wa shati upande wa ndani. Alichelea kusema, wasije wakamwondolea cherehani. Bila cherehani angekuwa nani?

Asubuhi wifi akamshika mkono hadi kliniki ya macho.

"Pete ya mwezi ni chembe za barafu huko juu angani," daktari alisema baada ya kumpima. "Ya balbu inatoka kwenye jicho lako. Una presha ya macho, mama. Uoni uliopotea haurudi. Uliobaki tutaulinda kwa dawa ya matone, maisha yote."

"Na kushona?"

"Shona. Ila dawa usiiruke."

Muuguzi akamtia tone kila jicho, akamwambia afumbe. Akafumba, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Nyamaza, wifi," mwenzake alisema taratibu, akimpangusa shavu. "Dawa imetiwa sasa hivi, na wewe ushaanza kuimwaga."