Mahali pa Manjanja Sitapasema

Mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni should have na could have, akasema haya ni maneno ya kujutia jambo lililokwisha kupita, ambalo mtu hawezi tena kulirekebisha. Kila mmoja asimame, atoe sentensi ya kwake.

Wenzangu walifurahi. Mmoja alisema alipashwa kula mbele ya kuja kalasini. Mwingine alisema angeweza kuzaliwa Ulaya, tukasikia madawati yakilia kwa kicheko. Mimi niliinamisha kichwa, nikajifanya natafuta kalamu. Kusema mbele ya watu siwezi. Sauti inafika hapa kooni, inageuka, inarudi.

"Wewe wa kambi!" mwalimu akaniita. "Unakosaje cha kujuta? Ninyi wakimbizi muko na majuto ya kuuzisha soko!"

"Mwalimu, umuache," kijana wa nyuma akadakia. "Huyo mudomo yake ilibakia ku mugini kwao. Walisahau kuifunga mu mizigo."

Mwalimu mwenyewe akacheka. Kisha akanitungia sentensi: familia yako ilipashwa kutoka mapema. Akawafanya wote wairudilie kwa Kiingereza, kwa nguvu, kama wanaitikia misa. Your family should have left early. Tena. Your family should have left early. Nilikaa katikati yao, masikio yakiwaka moto. Wanajua nini?

Naandika hapa kwa sababu mdomoni haitoki. Tulichelewa kutoka kwa sababu ya manjanja, yale mabati ya nyumba. Kwetu ni ng'ambo ya Kashuga, njia inapoelekea Walikale, na huko mtu hakimbii vita akaacha manjanja juu ya nyumba, maana atakayefika nyuma yake atayabeba. Unapanda, unang'oa msumari mmoja mmoja, unayashusha, unachimba shimo katikati ya migomba. Ukishafukia unatandika majani makavu juu, mbuzi apite asijue. Na mahali panaonyeshwa mtoto mmoja tu wa nyumba. Mkubwa akifa, siri inabaki. Wengine wakikamatwa, hawana la kusema.

Papa na kaka walikuwa wametangulia na mbuzi, Mama na wadogo nyuma yao. Mimi nilibaki na Koko, mama yake Papa. Tulipomaliza kufukia alinishika sikio kwa vidole vyenye udongo.

"Nakuchagua wewe," akasema, "juu wewe hausemake ovyo."

Koko alikufia hapa kambini Lushebere, mvua za kwanza. Kwa hiyo mahali pale napajua mimi peke yangu.

Siku hiyo ya majuto ya Kiingereza nilirudi kambini, nikakuta kaka amevaa bote za Papa, viatu vyake vya mpira, anakunja kamba. Jembe limeegemea mlango. Nilielewa kabla hajafungua kinywa: anataka kurudi kufukua manjanja. Mvua inapita kwenye shitingi yetu, plastiki hii ya kambi imechoka, na amechoka nayo.

"Dada, njo unafika?" akasema kwa sauti ya utamu. "Unionyeshe tu. Ni upande wa juu wa migomba ao upande wa mutoni?"

Niliweka daftari langu chini ya mkeka.

Mwezi uliopita, jirani yetu wa hema la tatu alirudi kwao kufukua manjanja yake. Hakuonekana tena. Nilikaa kwenye matanga yake nikiwasikiliza watu wazima. Angebakia tu. Tungemukataza. Angengojea kwanza njia itulie. Walisema huku wakitikisa vichwa, wakipokezana kikombe cha chai. Na mimi niliwaona watu hao hao asubuhi ile alipoondoka! Mmoja alimwazima panga. Mwingine alimwambia, ukifika kwako upite na kwangu, uniangalizie maharagi. Hakuna hata mmoja aliyemshika mkono kumzuia. Hasira niliyopata pale sijawahi kuipata, wala mwalimu na kalasi yake nzima hawajanifikisha hapo.

"Papa," kaka akalalamika, "umuseme mutoto yako. Tutalowa mpaka lini?"

Papa alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachokoa udongo kwenye kisigino. "Sema, mwanangu. Ile si mali yako peke yako."

Mama alikuwa anaangalia bote.

"Anajiona chifu," kaka akasema. "Kwa kuwa Koko alimunong'oneza. Kula anakula, kuonyesha hawezi!"

Hapo sauti ikafika kooni, na mara hii haikurudi.

"Sisemi!" Nilijisikia nikipiga kelele, jirani wakatoa vichwa nje. "Mumupige, mumunyime chakula, sisemi! Kaka asiporudi, ninyi njo mutakaa hapa na chai, mutasema tungemukataza. Mumukataze leo! Papa, umukataze leo, angali hapa, amevaa bote zako!"

Nimeandika kama ilivyotoka. Nilijiita "mumupige" kana kwamba nasema juu ya mtu mwingine, kwa hasira.

Kaka alisema basi, atachimba shamba zima.

"Utachimba shamba zima," Papa akamjibu polepole, "kila mwenye bunduki akikuangalia?" Halafu akanyoosha mkono. "Leta bote zangu."

Kaka alizivua kwa kuzipiga teke, moja ikagonga sufuria. Mama aliiokota ile sufuria, akaisogeza chini ya tundu la shitingi, mahali maji yanapodondokea.

"Basi tulowe," akasema.

Tangu siku ile kaka hanisemeshi. Nikimpakulia maharagi anageuza sahani upande. Ananiita chifu wa manjanja mbele ya rafiki zake, nao wanacheka kama kalasi ilivyocheka. Mwalimu naye alinipa zero, kwa kuwa sentensi yangu sikuitoa mpaka leo. Aiweke hiyo zero yake. Mvua inanyesha nikiandika, na kaka amevuta mkeka wake kwenye kona kavu ya kwangu bila kuomba ruhusa, amenigeuzia mgongo, anakoroma mchana kweupe. Nimesogea ukutani apate nafasi. Bado nimekasirika naye.