Wivu wa Mshona Vifungo

Mshona vifungo alikuwa na wivu, tusifichane. Alimwonea wivu Futi, mkata nguo mwenzake katika duka la Mama Fundi, na si kwa ustadi wala mshahara. Roho ilimuuma kwa sababu Futi alipendwa.

Mchumba wa Futi, muuza simu wa mtaa wa pili, kila siku alipiga asubuhi kujua kama amefika, akapiga saa nne kujua anakunywa chai na nani, na adhuhuri akaja mwenyewe kumtazama akila. Mwezi uliopita alimletea simu mpya. Tangu hapo simu ile ilishinda imeegemezwa kwenye nyuzi, video imewashwa, sura ya mchumba ndani yake. Mshona vifungo alitunga uzi kwenye sindano akajisemea kuwa wengine wana nyota zao. Yeye angeweza kupotea siku tatu, na wa kwanza kumtafuta angekuwa mwenye nyumba.

Basi makoti yakaanza kuharibika. Futi, aliyepewa jina hilo kwa vipimo visivyokosea, alimkatia mwalimu mkuu koti ambalo mkono wake ulikwama kiwikoni, ikabidi watu wawili wamvute ndipo atoke. Wiki iliyofuata bwana harusi akaketi, mgongo wa koti ukapasuka.

"Mwanangu, kosa la tatu utalifanyia duka lingine," Mama Fundi alisema.

Mshona vifungo aliinamia kazi yake ili tabasamu lisionekane. Alifurahi kweli, na aibu ya furaha ile ilimjia baadaye.

Alhamisi akaingia mzee mmoja mnene, anataka suti. Futi akasimama hatua mbili mbali naye, akamkagua kwa macho, akaandika namba. Mwenzake akashangaa. Tangu lini kifua cha mtu kikapimwa kwa macho? Hata mzee alicheka.

"Binti, sina upele. Nipime."

Futi akachukua utepe, akanyoosha mikono amzungushie.

"Nimesemaje?" ilisema simu.

Sauti haikupanda hata kidogo. Futi alirudi nyuma, utepe ukamponyoka. Na mshona vifungo, aliyeitazama simu ile mwezi mzima kwa kijicho, akatambua kwamba hajawahi kuwasikia wawili hao wakipiga soga. Mmoja alikuwa akifanya kazi, mwingine akilinda.

Alimpima mzee yeye mwenyewe, akamuaga vizuri. Kisha akamvuta Futi nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mahali ambapo simu haioni.

"Amekupiga?" alinong'ona.

"Bado. Anasema nikimgusa mwanamume, tutaonana nyumbani." Futi alichungulia kando ya pazia. "Lakini wivu ni mapenzi, dada."

"Wivu naujua, ninao mimi. Haujawahi kunifanya nikushike mikono usifanye kazi." Ndiyo kwanza alikuwa amekiri, akaendelea upesi. "Twende tumwambie Mama Fundi, wote wawili. Na leo usirudi kwako. Chumba changu ni kidogo, lakini yeye hakijui."

Futi alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nimekuonea wivu miezi minne," alisema.

"Mimi? Kwa lipi?"

"Ukitoka hapa jioni, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi."