Nafasi ya Baba Chini ya Mti Mwekundu

Viza ya mama ilitoka, ya baba haikutoka. Waliomba siku moja, wakakaa kwenye benchi moja, wakajaza majina yaleyale ya watoto walewale, na bado mmoja akapata na mwingine akabaki Lushoto na sanduku alilokwisha kulipanga. Mama akaja Toronto peke yake. Akakaa nami Agincourt, kwenye vyumba vyangu vya chini ya nyumba ya watu, na kila alipoona kitu cha kumshangaza aligeuza shingo kidogo upande wa kulia, kama anayetaka kumwambia mtu tazama, halafu akairudisha. Baba hutembea upande wa kulia wa mama, maana sikio lake la kushoto ndilo lililobaki zima.

Majani yakaanza kugeuka. Mimi nimeyazoea, kwangu ni taarifa tu ya kutoa makoti kabatini. Mama alikuwa akisimama dirishani asubuhi na kikombe chake. Dirisha langu liko usawa wa nyasi, kwa hiyo miti hakuiona. Alichokiona ni majani yaliyokwisha kuanguka, yakija moja moja kugonga kioo taratibu, mekundu, ya njano, mengine ya rangi ya chai ya maziwa. Kabla ya kikombe hicho alikuwa ameshatoka kuyafagia. Kwao hakuna jua linalokuta uwanja haujafagiwa. Ua wa watu ukawa safi kuliko sahani zangu, na mti wa pekee wa nyuma ya nyumba, uliokuwa unapukutika mapema, haukuachiwa hata jani moja la kupigia picha.

"Mekundu kiasi gani?" baba akauliza kwenye simu.

"Kama pilipili iliyoiva," mama akamjibu.

"Hayajaungua?"

"Baba watoto, yangekuwa yameungua ningekwambia."

Kisha baba akasema, "Basi nipigieni picha ya hiyo miti. Na mimi niwemo."

Asiyetoka kwetu angedhani mzee amechanganyikiwa. Lakini pale mjini kwetu, karibu na soko, kuna studio, na fundi wake hashindwi na umbali. Ukimletea picha ya harusi ambayo mjomba alikuwa Oman, anamtia mjomba. Bibi akiwa amefariki kabla ya ubatizo wa kitukuu, bibi anakipakata kitukuu. Sebuleni kwetu ninaning'inia mimi mwenyewe kwenye mahafali ya kaka yangu, ambayo sikuhudhuria. Natabasamu vizuri sana, isipokuwa viatu vyangu havijagusa ardhi. Kwa hiyo baba hakuwa anaomba muujiza. Alikuwa anaomba nafasi.

Masharti ya fundi yalikuja siku iliyofuata, baba akiyasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Picha iwe ya mwili mzima, miguu isikatwe. Jua litoke kushoto, kwa sababu ile picha ya baba ya suti ina jua la kushoto. Upande wa kulia wa mama iachwe nafasi ya mtu mmoja, na mtu mwingine yeyote asiiguse, hata kwa kivuli.

"Mtu mmoja wa unene gani?" nikauliza. Mimi nimekulia biashara ya mitumba, kipimo kisichotajwa kinanikosesha usingizi.

"Wa unene wangu," baba akasema. "Umenisahau?"

Mama alikuwa anaondoka Jumanne. Ilibaki wikendi moja.

Gari sina. Rafiki yangu mmoja, nesi, Mkenya wa Lawrence Heights, ana gari la viti saba na moyo mkubwa, lakini moyo wake huwa na orodha. Alikuja jioni, akakaa kwenye kiti changu kizuri, akamwamkia mama "shikamoo" kwa bidii ya mtu aliyejifunza neno ukubwani. Huwa anamwamkia hivyo hata keshia wa dukani.

"Gari iko," akasema. "Lakini nakuja na wenzangu wawili wa kwaya. Wanataka pia kuona hizo majani."

"Nikuletee chapati."

"Chapati ni za gari. Kwaya ni pilau."

"Sufuria ndogo."

"Wewe, si umeona vile hao watu wanaimba? Hiyo nguvu inatoka wapi? Sufuria kubwa."

Nikakubali sufuria kubwa kwa sharti moja: wakati wa picha ya mama, kwaya isimame nyuma ya kamera. Nikamweleza habari ya nafasi. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alimtazama mama, akasema kwamba marehemu baba yake yupo kwenye picha ya harusi yake kwa mtindo huohuo, na kwamba walimvisha tai ambayo akiwa hai asingeivaa. Kisha akapunguza sufuria ikawa ya kati bila kuombwa. Sijawahi kushinda biashara kwa urahisi ule, na sikuufurahia ushindi.

Mpango wangu ulikuwa kaskazini, kwenye misitu na maziwa, ambako kila mtu husema ndiko majani yenyewe. Nilimpigia mtu mwenye vibanda vya kulala. Akanitajia bei. Nikanyamaza, kama tunavyonyamaza kwenye soko la mitumba la Karume, ukimya ule wa kumwacha muuzaji asikilize bei yake mwenyewe. Akadhani simu imekatika, akakata. Nikapiga tena, nikanyamaza kwa muda mfupi zaidi, akaongeza chai ya asubuhi bure. Mama alipoambiwa tutalala kibanda cha mbao katikati ya msitu, akauliza kama nyumba niliyo nayo imeungua. Ikawa safari ya kwenda na kurudi Jumamosi, Jumapili akiba.

Jioni zile za kupanga ndizo ninazozikumbuka kuliko safari yenyewe. Tulifungua ramani mezani, mama akawa anapita juu ya maziwa kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayepima joto la maji. Nilimsomea majina ya miji, naye hakuyarudia, aliyaacha yapite. Taa ilikuwa ya njano, chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Nje majani yaliendelea kuja kwenye kioo na kurudi. Ilifika mahali nikaona barabara ile kana kwamba tumeshaipita. Miti pande zote mbili, nyekundu hadi juu, na mtu wa suti ya buluu anatembea chini yake bila haraka, viatu vyake haviigusi ardhi, na wala hilo halimsumbui.

"Atavaa ile ya Idi?" mama akauliza, kama alikuwa anamwona huyohuyo.

"Suti anayo moja tu, mama."

"Ndiyo hiyo nasema."

Alhamisi upepo ukavuma mchana kutwa. Mama akaacha kufagia, akasimama na ufagio mlangoni. "Huko tunakokwenda kuna upepo?" Nikamwambia upepo wa huku si wa kule. Nililisema kwa uhakika wa mtu anayeuza koti lisilo na zipu.

Jumamosi tukaondoka asubuhi. Nikahesabu viti mara mbili: nesi kwenye usukani, kwaya wawili nyuma, mimi, mama, sufuria imefungiwa mkanda kama abiria. Kiti cha saba kilikuwa kulia kwa mama. Aliweka mkoba wake hapo.

Hatujafika mbali, tuko Richmond Hill, mama akasema, "Simama."

Kulikuwa na mti kando ya uwanja wa kuegesha magari wa maduka fulani. Duka la matairi, saluni, na mahali pa maandazi ya Kichina. Mti mmoja, mpana, mwekundu tangu chini hadi kileleni, na mwanga umeuingia kwa ndani kama taa ndani ya kibuyu.

"Huu," mama akasema.

"Mama, hili ni duka la kwanza tu. Tuzunguke soko lote."

Hivyo ndivyo alivyonifundisha yeye mwenyewe. Hununui kwa muuzaji wa kwanza, hata kama anacho unachotaka. Unamwambia narudi, unazunguka. Akanitazama, akatazama mti, na kwa kuwa somo lilikuwa lake, akakubali tuzunguke. Tukaendelea.

Tulipanda kaskazini na rangi ikawa inapungua badala ya kuongezeka. Kwanza nikadhani ni mawingu. Kisha hudhurungi, kisha kijivu. Tulipofika kwenye maziwa, miti ilisimama uchi kwenye maji yaliyotulia, matawi juu na matawi chini, na majani yote yalikuwa yamelala ardhini, yamelowa, kama nguo zilizoanuliwa na mvua. Upepo wa Alhamisi ulikuwa umefika huko kabla yetu. Hakuna aliyenilaumu, jambo lililonikera. Kwaya wakaimba kidogo. Tukala pilau tumesimama, ukungu ukipita katikati yetu na sufuria.

Mama alikuwa anatazama juu, mahali majani yalipokuwa. "Baba yako angesema tumechelewa kufagia," akasema.

"Ule mti wako," nesi akasema akifuta mikono. "Unadhani utatungoja?"

"Si mwanangu aliuambia narudi?" mama akajibu. "Twende tukaone kama kuna mtu amenunua."

Njia nzima nilikuwa naangalia jua. Fundi alitaka la kushoto, nalo halikuwa likinisubiri. Tulipoingia Richmond Hill, mchana ulikuwa umelainika, na mti ulikuwepo. Magari yalikuwa mengi zaidi chini yake, majani yameyaangukia, lakini juu ulikuwa bado umejaa. Nilimwomba kijana mmoja wa duka la matairi asogeze gari lake. Akauliza kwa nini. Nikampa chapati.

Mama akasimama. Akavua koti juu ya kitenge, ingawa baridi ilikuwepo. Nikarudi nyuma hadi miguu yake ikaingia yote. Jua likatoka kushoto, likapita shavuni kwake, likaendelea hadi mahali pasipo na mtu. Mmoja wa kwaya, kwa wema tu, akasogea, "Hapo kuna nafasi, nimshike mkono," na nesi akamvuta kwa kamba ya mkoba.

"Hapo kuna mtu," akamwambia.

Nikapima nafasi ile kwa macho, nikapima tena. Nikabonyeza. Jani moja lilikuwa linashuka wakati huo, likabaki hewani kwenye picha, usawa wa kifua cha baba.

Lushoto ilikuwa ni usiku, lakini alikuwa macho. Tukamtumia, kisha tukampigia, simu yenye sura. Alikuwa amevaa suti. Alisema anaijaribu tu. Alisogeza simu mbali ili tumwone mzima, na hapo nikaona ninachokijua vizuri kuliko kitu chochote, nguo iliyo kwenye mtu asiye wake. Mabega ya koti yalimpita. Mkanda ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari. Miezi yote hiyo alikuwa anatuambia anakula chakula cha watu wawili.

"Picha nzuri," akasema. "Lakini nafasi mmezidisha. Hiyo ni ya mimi yule wa zamani. Sasa nimepungua kidogo."

Mama alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, na nesi, ambaye kazi yake ni kutazama watu waliopungua, akageuka akatazama mti.

"Mama, jua lipo," nikasema. "Sogea hatua moja kulia, nipige nyingine nyembamba."

"Usiiguse," mama akasema. Kisha kwenye simu: "Baba watoto, unakula nini?"

"Nakula."

"Nimekuuliza nini."

"Mkate. Chai. Kupika kwa mtu mmoja ni uvivu tu."

"Jumanne napanda ndege. Nikifika naloweka mahindi na maharage. Utakula makande mpaka uitoshe hiyo nafasi. Na huendi studio kabla sijasema."

"Picha itachakaa."

"Ipo kwenye simu, haichakai."

Akaizima simu, akavaa koti, akaokota jani moja chini, kubwa, akalitia mkobani bila kulifuta. Kiti cha saba, tuliporudi, aliweka mkoba palepale.

Picha iliyounganishwa ilinifikia baada ya Krismasi. Baba amepigwa upya baada ya mama kuruhusu: suti ni ileile, jua ni lilelile la kushoto, viatu viko chini vizuri, fundi amejifunza. Jani la hewani hakuliondoa, limeegemea kwenye kifungo cha koti. Nimezipima pande zote mbili za baba, kisha nikarudia. Hakuna hata upenyo.