Siku Tulipeleka Lori ya Mama Kuuzwa Myanga

Tuliondoka Kitale kwa sababu mama alikuwa amechoshwa na taa moja. Ni taa ndogo ya rangi ya machungwa kwenye dashibodi ya lori yetu ya maziwa. Ikiwaka, lori inakosa nguvu. Kuna siku ilitukwamisha mlimani na mikebe ya watu nyuma, maziwa ikaganda, na wenye ng'ombe wakaja kusimama kwetu langoni wakinyamaza tu, ambayo ni mbaya kuliko matusi.

Fundi wa mtaani alilala chini yake, akagonga ekzosi, lile bomba la moshi, kwa spana. "Kuna filta humu ndani, inashika masizi ya dizeli. Imejaa," akasema. "Ama niikate nitupe, ama mtafute ingine. Na ingine hapa hampati."

Mama hakutaka gari yake ikatwe tumbo. Akasema heri iuzwe. Mnunuzi akapatikana Myanga, mbele ya Bungoma, mzee mmoja wa kuuza viazi vitamu anaitwa Barasa.

Sasa shida ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza form four na leseni ya kuendesha nimeipata juzi. Mama aliahidi mwaka ukiisha Khocha Simiyu, dereva wetu, atarudi shambani kwake na hiyo lori itakuwa kazi yangu. Khocha ni vile sisi tunaita kaka ya mama. Ikiuzwa, mimi nakaa nyumbani kuangalia kuku. Kwa hivyo hiyo asubuhi sikungoja kualikwa. Niliingia mbele, nikafunga mlango kwa nguvu.

"Wewe Nanjala, unaenda wapi?" Khocha akauliza kwa usukani.

"Kuiaga."

"Rori haiagwi."

"Basi naenda kuhakikisha umeiuza kwa mtu ambaye si mwizi."

Akacheka, akawasha.

Kutoka Kitale mjini ilituchukua muda, kwa sababu ilikuwa wakati wa mahindi na kila trekta ya Trans-Nzoia ilikuwa barabarani na magunia. Hapo ndipo mjue tabia ya Khocha. Yeye ni mtu wa kuokoa dizeli. Tukisimama nyuma ya trekta, anazima injini. Kwenye kazi ya maziwa tulikuwa tunasimama kila lango, na kila lango anazima, vile mtu anazima stima akitoka chumbani. Kukiwa na mteremko, anatoa gia, gari inateremka yenyewe, yeye anapiga mluzi. Hakuna mtu kwetu aliona hiyo ni makosa. Mama mwenyewe alikuwa anamsifu kanisani.

Tulipofika Kiminini, Khocha alisimama pembeni atafute ndizi. Mahali aliegesha, watu walikuwa wamepukuchulia mahindi, kumejaa maganda makavu. Kabla azime, injini ikapanda sauti yenyewe. Nilimwangalia mguu. Mguu ulikuwa juu, hakukanyaga kitu. Halafu kukatoka harufu, kama pasi imesahaulika juu ya nguo.

Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi hapo kando akapiga kelele. "Nyinyi! Chini yenu kunawaka!"

Kuangalia, maganda chini ya ekzosi yanatoa moshi. Khocha akazima, akaruka nje, akamwaga maji yetu yote ya kunywa hapo chini na kukanyagakanyaga kama mtu anacheza ngoma. Tukasukuma lori hadi kwa murram, mahali hakuna maganda.

"Mmekuja kununua mahindi ama kunichomea?" yule mama akauliza.

"Mama, hii gari ni mgonjwa."

"Basi ipelekeni hospitali, si kwa jiko yangu."

Khocha alinunua mahindi mawili kwa aibu, ndizi akasahau. Akaniambia sasa nimeona kwa macho yangu, hiyo kitu itatuua, heri Mzee Barasa aichukue haraka. Nilikuwa nimekasirika na gari, na yeye, na ile taa, ambayo ilikuwa bado inaniangalia.

Kutoka Kiminini hadi Kamukuywa, na hadi Misikhu, barabara inapanda na kushuka. Tukipanda, lori inalia, watu wa baiskeli wanatupungia mkono wakitupita. Tukishuka, Khocha anatoa gia. Karibu na Webuye tukapata mahali tambarare na tukakimbia vizuri kidogo, halafu polisi wakatusimamisha. Tukiwa tumesimama, ikafanya tena. Sauti ikapanda yenyewe, na ile harufu. Khocha akazima mbio kabla hata polisi hajafika dirishani.

Polisi wakatuachilia, na hapo ndipo nilianza kufikiria. "Khocha, imefanya vile ya Kiminini."

"Si nimekwambia inaumwa."

"Lakini inafanya tu ikiwa imekimbia kidogo. Hata nyumbani, ilikuwa inafanya hivyo tukirudi, karibu na lango."

"Na mimi nilikuwa nazima."

"Ndio. Kila mara unazima."

Akaniangalia kama nimemtukana. Tukaendelea hadi Bungoma.

Bungoma mjini tulipita kwa Mama Halima, karibu na msikiti. Huyu ni rafiki ya mama yangu tangu wakiuza mahindi pamoja, na ana lori inafanana na yetu kama pacha, anabebea mchele na sukari. Alikuwa amekaa mbele ya duka lake na chupa ya chai. Tulimsalimia, akatukaribisha, akauliza mbona nimenuna.

"Tunaenda kuuza gari ya mama."

"Ile ya kama yangu? Ina nini?"

Nikamweleza yote, na kwa sababu sina subira nilimweleza chai ikiwa bado mdomoni. Taa, mlima, fundi, maganda ya Kiminini. Mama Halima alianza kucheka pale kwa maganda, akashika meza.

"Simiyu, na wewe ulizima?"

"Mama Halima, ningewacha iwake moto?"

"Hata mimi nilizima! Nilikuwa namgombeza dereva wangu ati unanimalizia dizeli gari ikiwa imesimama. Zima! Anazima. Tena zima! Ikatukwamisha Kanduyi mchana, na mchele wa watu. Ndio aliyeniuzia hiyo gari Mombasa akanielekeza kwa simu."

Halafu akatueleza vile alielezwa. Ile filta inashika masizi ndio usitoe moshi mweusi. Ukiwa unakimbia barabara kubwa na mzigo, ekzosi inapata moto wa kutosha, masizi yanaungua pole pole, wewe hata hujui. Lakini ukiwa unaenda karibu karibu, simama, zima, simama, zima, hiyo moto haifiki. Masizi yanajaa. Sasa gari yenyewe inaamua. Inaongeza dizeli kidogo, ekzosi inakuwa kama tanuri, inayachoma yote. Ndio hiyo sauti na hiyo harufu. Inataka uiache iende mpaka imalize. Ukizima katikati, umeiondolea sufuria jikoni kabla ichemke, na kesho inaanza upya.

"Na usiegeshe kwa nyasi kavu ikiwa kwa hiyo kazi," akasema. "Lakini hiyo mmeshaisoma."

"Na kama imejaa sana?" nikauliza.

"Ikijaa kupita kiasi, hata barabara haisaidii, mpaka fundi mwenye mashine yake. Hapo uombe Mungu."

Nilisimama. Mandazi niliacha. "Khocha, nipe ufunguo."

"Kunywa chai kwanza, wewe!"

"Nipe ufunguo."

"Mpe," Mama Halima akasema. "Si ana leseni? Ama ni ya kuonyesha wageni?"

Bungoma hadi Myanga ni karibu, na niliogopa tutafika kabla haijamaliza. Nilishika gia ya chini kuliko vile Khocha anapenda, injini izunguke. Mteremko ukikuja, sikutoa gia. Khocha alikuwa ameshika kiti na mikono miwili.

"Unakunywa dizeli ya mama yako."

"Acha inywe."

Tukiwa tumeacha mji nyuma, nikaisikia. Sauti ikawa nzito, ile harufu ikaingia dirishani. Mkono wa Khocha ukaenda kwa ufunguo wenyewe tu, kama mkono wa mtu anafukuza nzi. Nikaupiga.

"Nanjala!"

"Khocha, ukizima hii gari nitashuka nirudi Kitale kwa miguu."

Akarudisha mkono. Taa ilikuwa bado inawaka. Tukapita mashamba ya miwa, tukapita watoto wa shule, na mbele nikaona soko ya Myanga, na kando ya barabara mzee amevaa koti na kofia, amesimama kando ya magunia ya viazi. Alituona, akainua mkono.

Taa ilikuwa bado inawaka.

"Ndiye huyo Barasa," Khocha akasema. "Simama. Simama hapo. Nanjala, simama!"

Sikusimama. Nilipiga honi, nikampungia, nikampita. Kwa kioo nilimwona amegeuka akitufuata na macho, mkono wake bado uko juu.

"Wele wangu," Khocha akasema, ni kuita Mungu huko. "Umepita mnunuzi. Umempita kama kituo cha polisi. Nitamwambia dada yangu nini?"

"Mwambie haijamaliza."

Tuliendelea njia ya kwenda Malaba. Sikuwa najua kama itamaliza. Ingeweza kuwa imejaa kupita kiasi, na mimi nimemtukanisha mama bure kwa mzee wa watu. Halafu kwa mlima mmoja mdogo nikasikia lori imenivuta. Si mimi nilikanyaga zaidi. Ilipanda tu, vile ilikuwa inapanda mwaka wa kwanza. Sauti ikarudi chini. Nikaangalia dashibodi.

"Khocha."

"Nini?"

"Angalia."

Akainama karibu mpaka kofia ikagonga kioo. Akafuta hapo na kidole, labda alidhani ni vumbi. Taa ilikuwa imezima.

Tukarudi Myanga. Mzee Barasa alikuwa amekaa juu ya gunia.

"Mlinipita."

"Pole mzee," nikasema. "Ilikuwa haijawa tayari."

"Na sasa iko tayari?"

Aliiendesha mwenyewe hadi mwisho wa soko na kurudi, akashuka akitabasamu, akasema anaichukua. Hiyo sikuwa nimefikiria. Niliomba simu ya Khocha, nikakwaruza kadi, nikampigia mama hapo mbele ya watu wote nikamweleza.

"Mnataka kuniambia nilikuwa nauza gari nzima?"

"Nzima, mama. Ni sisi tulikuwa tunaizima. Inataka safari moja ndefu kila wiki, bas."

"Safari ya kwenda wapi? Gari itembee bure kama mtalii?"

Nikaangalia yale magunia. "Mzee Barasa," nikasema, "hivi viazi vyako unauza wapi?"

"Ningekuwa na rori, Kitale."

Mama alisikia hiyo kwa simu, akasema basi haiuzwi, tumbebee viazi kila wiki. Mzee alikasirika kidogo kukosa gari, na ana haki. Lakini Khocha alimsemesha Kibukusu kwa muda mrefu, na jua likiwa bado juu tulikuwa tunapakia viazi.

Kurudi, Khocha ndiye aliendesha. Mteremko wa Kamukuywa mkono wake ulienda kwa gia, ukasimama, ukarudi. Kiminini yule mama wa mahindi alituona tukipita na mzigo, akainua sufuria ya maji juu atuonyeshe yuko tayari kutuzima.

Nimejifunza kwamba kitu kinaweza kuonekana kinaharibika na kumbe kinajitengeneza, na sisi ndio tunakikatiza. Sasa kila wiki ni mimi naenda Myanga.

Lakini hiyo jioni ya kwanza tulifika langoni na injini ikiwa juu kidogo. Mama akatoka, kitambaa kichwani, akapiga kelele vile amekuwa akipiga miaka yote. "Simiyu, zima gari! Dizeli!"

Khocha alitoa kichwa dirishani.

"Dada, ngoja. Haijamaliza."