Upande wa Kushoto wa Mashua ya Ndabibi

Micah alipozikwa mwaka jana, mtu mmoja alisimama akasoma kwenye karatasi kwamba marehemu aliunda mashua ya kwanza Ndabibi kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma na wanawake wa kuosha sufuria, ingawa nilikuwa mke wake wa kwanza kwa miaka kumi na minne kabla hajanifukuza na kumleta Rahab. Mbele za watu sikusema kitu. Lakini gumbaru, shule ya watu wazima, imenifundisha kuandika, na nataka kuandika habari za Fundi Alamin, kwa sababu ndiye aliyetufundisha, na yeye alijua.

Ilikuwa mwaka wa 1956. Baba yangu alikuwa ametutoa Bungoma kuja kukamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu huko Ndabibi, karibu na Ziwa Naivasha, wakati Wakikuyu walipoondolewa mashambani na wafanyakazi wakawa haba. Mzungu huyo alikuwa na mashua mbili kuukuu za kuvulia samaki siku za Jumapili, zote zikiingiza maji. Akasikia kwamba Nakuru, mtaa wa Bondeni, kuna mzee anayetengeneza bodi za malori, lakini ujanani aliunda vyombo vya baharini kwao Siyu. Akamleta kwa lori, yeye na mkewe Kuluthum, pamoja na sanduku la vyuma vyake.

Mapatano yalikuwa hivi: Fundi Alamin aunde mashua moja mpya huku akiwafundisha wafanyakazi wawili, Micah na Kipketer. Kila mmoja angefanya upande wake. Upande utakaozuia maji vizuri zaidi, mwenyewe angebaki kuwa fundi wa mashua wa shamba, asikamue wala kulima tena, na apewe chumba cha mawe chenye bati kando ya ziwa. Sisi tulikuwa tunalala kwenye nyumba za nyasi zilizovuja. Kila mtu alikitaka chumba kile. Hata mimi, ila hakuna aliyeniuliza.

Mimi nililetwa kumsaidia Kuluthum kusokota pamba. Tulikaa mlangoni mwa banda tukisokota nyuzi nene, kisha tunazichovya kwenye mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa. Kuluthum alikuwa akilalamika. "Kwetu ni mafuta ya papa, mwanangu. Haya ya kondoo yananifanya nione njaa."

Mbao zilikuwa za mtarakwa, nyekundu, zikinukia mpaka nguoni. Mbavu za mashua fundi hakuzikunja kwa moto. Alitutembeza kwenye migunga ya ziwani akitafuta matawi yaliyojipinda yenyewe, akikumbatia kila tawi kana kwamba anapima koti. Asubuhi kabla ya upepo alitupeleka majini kwa mojawapo ya zile mashua kuukuu, wengine wakipiga makasia na mmoja akichota maji kwa debe. Alitufundisha kurudi nyumbani kwa kuweka mgunga mmoja mkubwa sawasawa mbele ya kilele cha Longonot, maana mafunjo yanayoelea huhamahama na kuziba njia. Kitu kimoja tu kilimshinda, viboko.

"Fundi, wewe wa bahari kuu unaogopa kiboko?" Kipketer alimtania.

"Papa hapandi bustanini kwangu kula sukumawiki," akajibu. "Piga kasia, wewe!"

Kipketer hakudumu. Alijikata muundi kwa tezo ya kuchongea mbao akitazama wasichana waliopita, akarudishwa kwao Eldama Ravine akichechemea. Upande wa kushoto ukabaki mbavu tupu. Fundi alinitazama nikisokota.

"Nekoye, tangu mwezi uliopita macho yako hayako kwenye pamba. Inuka."

Micah akacheka. "Fundi, huyo ni wa kubeba chai."

"Basi leo tutakunywa maji," fundi akasema.

Ndivyo nilivyoshika tezo. Micah alikuwa seremala wa milango, na milango yake ilikuwa mizuri, siwezi kumnyima hilo. Alilainisha mbao zake mpaka zikashikana kama ubao mmoja. Akamwita fundi. "Tazama, hata wembe hauingii."

Fundi akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Ndivyo alivyokagua kila kitu. "Umeunda kabati, kijana. Kabati halinywi maji. Mbao zikinywa zitavimba, na zikikosa nafasi zitasukumana. Ndani ziguse, nje acha mwanya wa unene wa ukucha. Humo ndimo pamba inakaa."

"Watu watasema nimeacha nyufa," Micah akanung'unika. Hakubadilisha. Kwake mwanya ulikuwa aibu. Mimi sikuwahi kutengeneza mlango, kwa hiyo sikuwa na aibu ya kunizuia. Niliacha mwanya wangu wa ukucha, nikaingiza pamba kwa patasi butu na nyundo ya mti, nikisikiliza sauti ibadilike kama fundi alivyonionyesha. Pamba ikishiba, nyundo inalia kama imegonga jiwe.

Mashua ilifungwa kwenye mafunjo siku tatu ili mbao zinywe. Mzungu alisema atakuja Jumamosi. Akaja Ijumaa, kwa sababu wageni wake walikuwa njiani, na fundi alikuwa ameenda msikitini Naivasha pamoja na Kuluthum. Mashua ikavutwa ufukweni. Upande wa kulia mbao zilikuwa zimevimba na kusukumana, ubao mmoja umejing'oa kutoka kwenye mbavu, misumari nje. Upande wa kushoto ulikuwa mzima, pamba yote mahali pake.

"Nani natengeneza hii mzuri?" mzungu akauliza.

Kabla sijafungua mdomo Micah akasema, "Mimi, bwana. Huo mbovu ni wa huyu msichana. Fundi alimwacha ajaribu."

Mzungu akanigeukia. "Kweli?"

Juma lililotangulia wajomba wa Micah walikuwa wamekuja kwa baba kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Nikafikiri: chumba kikiwa chake, na mimi nitalala ndani. Nikasema, "Kweli, bwana."

Sikulazimishwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Fundi aliporudi jioni hakuuliza mtu. Alifumba macho, akapitisha kidole kushoto, kisha akaniita.

"Huu ni mkono wako. Kwa nini nasikia ni wa Micah?"

"Niache, fundi. Usimwambie bwana. Micah ananioa."

Alinirudishia nyundo ya mti mkononi. Kisha akasema, "Basi upande wa kulia utaufanya upya wewe. Mimi sitamkabidhi mtu mashua ya kumzamisha." Nikaufanya, siku tisa, huku Micah, fundi mpya wa shamba, akizunguka na ufunguo wa chumba shingoni.

Siku ya kuondoka kwao, Kuluthum alinishika mkono kando ya lori. "Twende Bondeni, mwanangu. Kazi ipo, utakaa na mimi." Nikasema nitakuja kuwatembelea. Lori likaondoka na harufu yake ya mtarakwa, na sijawahi tena kusikia banda lenye kicheko kama lile.

Micah aliunda mashua nyingine tano. Pamba zote niliingiza mimi, mlango umefungwa. Siku aliponifukuza aliwaambia wazee kwamba sijui lolote ila kusokota nyuzi. Nilienda Bondeni nikiwa na binti yetu, Naliaka, mgongoni. Fundi Alamin alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Vyuma vyake vilikuwa vimeuzwa, ikabaki nyundo ya mti iliyolika upande mmoja.

"Hii hakuna aliyeitaka," Kuluthum akasema. "Ichukue wewe."

Siku ile ya maziko, watu walipokuwa wanakula, niliteremka mpaka ziwani. Mashua yetu ya kwanza iko pale bado, imefunikwa chini juu, Rahab anafugia kuku ndani yake. Nilipiga magoti, nikafumba macho, nikapitisha kidole gumba kwenye mishono, kushoto, kisha kulia. Mafuta ya kondoo yalikuwa yamekauka, lakini pamba haikuwa imetoka mahali popote.

"Mama Naliaka!" Rahab akaniita kutoka juu. "Unatafuta mayai?"

"Hapana," nikamwambia. "Naangalia kazi yangu. Pande zote mbili."

Alinitazama, akaitazama mashua, kisha akaanza kuita kuku wake.