Watoto Tisa wa Shangazi

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, ingawa hakuwa na ndugu hata mmoja pale. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa watu. Alfajiri kina mama walimkabidhi watoto wakiwa bado na usingizi, wakakimbilia kazini. Jioni waliwakuta wameoga na kushiba. Chumba kilikuwa kimoja. Dirisha alilipigilia mbao tangu siku mtoto mmoja alipolipanda akaponea chupuchupu. Mchana watoto tisa walilala kwenye mkeka mmoja, naye katikati yao.

Aliyemteka moyo zaidi alikuwa wa mwaka mmoja na nusu, mtoto wa mfanya usafi wa ofisini. Walimwita Bosi, maana hakukubali kukaa chini. Alitaka kubebwa huku akinyoosha kidole apelekwe anakotaka.

"Bosi wangu ameshindaje?" mama yake aliuliza kila jioni.

"Kanifukuza kazi mara tatu. Nimeomba radhi, kanirudisha."

Kikohozi kilimwanza Shangazi msimu wa vumbi, na vumbi ndilo alilolisingizia. Alikunywa dawa ya maji chupa baada ya chupa. Muuza dawa alipomuuliza kimemshika lini, alijibu, "Juzijuzi tu." Hiyo juzijuzi ilikuwa miezi minne. Asubuhi aliamka shuka limelowa jasho. Sketi ilipoanza kumpwaya aliibana kwa pini, akawachekesha kina mama: "Wenzenu wanahangaika wapungue, mimi napungua bure!"

Kisha Bosi akaacha kudai kubebwa. Alijilalia tu, macho ukutani, na kila alicholishwa alikitapika. Zahanati wakampa dawa ya homa. Wiki ya pili shingo ikakakamaa, degedege likamshika mikononi mwa Shangazi. Hospitali walimtoa maji ya uti wa mgongo wakasema ni kifua kikuu, kimeshafika kwenye ubongo. Dawa alianzishwa siku hiyohiyo. Siku ya sita akafariki.

Baada ya mazishi, muuguzi mmoja alibisha hodi kwa Shangazi. Alikuwa mwanamke mpole, daftari mkononi. Akatazama mkeka, akatazama mbao za dirishani.

"Mama, mtoto mdogo akipata kifua kikuu, mara nyingi amekipata kwa mtu mzima anayekaa naye karibu. Wazazi wake tumewapima, ni wazima."

Shangazi alitaka kujibu, kikohozi kikamkatiza. Muuguzi alimpa kikopo cha kutemea makohozi.

Majibu yalitoka kesho yake. Shangazi aliyasikiliza ameinamisha kichwa, halafu akauliza, "Mimi nimekitoa wapi? Sitoki humu ndani."

"Umewahi kuishi na mtu aliyekuwa nacho?"

Mume wake. Alikohoa mpaka akafa, miaka ishirini na mbili iliyopita, naye akiwa bado bibi harusi.

"Vijidudu vinaweza kulala mwilini miaka yote hiyo," muuguzi alisema. "Mwili ukichoka, vinaamka. Siku hizo ulipewa dawa yoyote ya kinga?"

"Nilipewa pole."

Watoto wanane waliobaki walipimwa. Wawili walikutwa wagonjwa, wakaanzishwa matibabu. Sita walikuwa wazima, wakapewa vidonge vya kinga. Hakuna hata mmoja aliyerudi kwenye mkeka. Jirani yake alipita mlangoni akisema kwa sauti, "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sikuficha," Shangazi alisema. "Sikujua." Jirani alikuwa ameshapita.

Alimeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Mkojo ulikuwa mwekundu kwa ajili ya dawa, tumbo lilimchafuka, lakini alimeza. Mwili ukarudi. Muuguzi akamwambia makohozi ni safi, sasa hawezi kumwambukiza mtu.

Siku hiyo alikwenda kwa mama Bosi. Alimkuta akianika nguo.

"Wameniambia nimepona," alisema, na papo hapo akajutia neno hilo.

Mama Bosi aliendelea kuanika. "Nimefurahi, Shangazi."

"Nimekuja kuomba radhi, mwanangu."

"Sikulaumu. Kila siku najiambia, Shangazi hakujua. Hata mimi nilikusikia ukikohoa, na bado nilikuletea." Nguo ya mwisho aliishika muda mrefu. "Ila usije tena. Nikikuona, namwona yuko mgongoni kwako."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, akaondoka.

Alijaribu kutafuta watoto mtaa wa tatu. Kina mama wa huko walimpokea siku nne. Ya tano mama mmoja akasikia habari, na kufikia mchana watoto wote walikuwa wamechukuliwa. Alieleza kwamba amepona, akatoa hadi karatasi ya hospitali. Mama huyo hakuipokea, eti asije akaambukizwa kwa kuishika.

Sasa anachambua chupa za plastiki kwenye uwanja wa taka, nyeupe huku, za rangi kule. Wenzake humwita Bibi. Hawajui kwamba aliwahi kulea, naye hajawaambia. Watoto wa wachambuzi wakimsogelea, huinuka na kuhamia upande wa pili wa rundo.