Nilipiga kofi besi ya tango hapa Durban, nikajua nimefukuzwa

Wakuu, salamu kutoka Durban. Hii ni kweli tupu; chumvi nimetia ya kuonjea tu.

Mchana naelekeza malori ya makontena bandarini. Shule ya jioni nimemaliza, cheti ninacho, ila noti za muziki hazikuwa kwenye silabasi.

Mwaka jana Mama Odile, Mkongo mwenye saluni, alinisikia nikipiga besi ya mbao kanisani. Ana orchestra ya tango, ile dansi ya Argentina, kule mtaa wa Berea. Wanataka wasikike kama bendi moja ya zamani ya Buenos Aires iliyo kwenye santuri ya marehemu baba yake. Siyo kufanana. Iwe ileile, mpaka pumzi!

Nikapewa besi ya kusimama, kubwa kama friji la bucha. Na makaratasi. Miezi miwili nayakodolea macho, kumbe napiga kwa sikio.

Papa Jérémie wa violin, Mrundi asiyepitwa na kitu, akanichoma: "Mama, karatasi ya huyu ni ya wimbo wa jana!"

Eish. Walicheka nusu saa.

Mama Odile hakucheka. "Mon frère, concert iko Jumapili. Jumamosi nakusikiliza. Ikikatala, unaacha ile basse."

Nao walikuwa na shida yao. Kwenye santuri kuna "du!" fulani kila wimbo unapotaka kusimama. Walijaribu ngoma, walikanyaga sakafu, wapi!

Jumamosi meli ingeelea kwenye jasho langu. Wimbo ukapanda, nikajisahau. Kanisani kwetu ngoma ilipasuka zamani, hivyo wimbo ukikolea mpiga besi anapiga kofi tumbo la besi.

Nikalizaba lile friji la watu. DU!

Wote wakageuka kunitazama. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Mama Odile akaniita: "Weye! Unaenda wapi? Rudilia ile!"

Nikarudia. Akawasha santuri. Du. Ileile! Mama Odile akafunika uso kwa mikono, akalia.

Papa Jérémie: "Tumenunua ngoma tatu, kumbe ni kofi?"

Jumapili watu walicheza mpaka kilima cha Bluff kikasogea kidogo.

Ila shukrani yangu kubwa ni hii: Mama Odile hakuniacha na ujinga wangu. Kila Jumatano jioni niko saluni kwake, kati ya akina dada wanaosukwa, nafundishwa noti. Shule ya jioni tena, wakuu, na ada ni kufagia nywele!

Nilichojifunza: ningesema "sijui" siku ya kwanza, ningeokoa miezi miwili ya jasho.

Wewe ulijifanya unajua nini? Funguka hapo chini, tusicheke peke yetu.